Namna ya kufinyanga sanamu ya bahari, kuanzia maji kupwa mpaka shimo la moto

Vijana wengi wanaoanza ufinyanzi huku pwani wananiuliza swali moja, kwamba wanataka kutengeneza sanamu za bahari ila hawajui waanzie wapi. Wengi wanafungua simu wanatafuta picha ya samaki au pweza wanaiga, afu wanashangaa mbona imetoka kitu kimekufa. Mimi niko Bagamoyo, mwaka wa 11 sasa kwenye kazi hii, na miaka mitatu ya mwanzo nilifanya hivohivo, samaki, pweza, kasa, kiti cha pweza, rafu zikajaa na hakuna hata kimoja nilichokipenda. Kilichonitoa hapo ni siku niliyookota kombe la konokono limeliwa na mawimbi upande mmoja, ganda la nje limeisha, ndani ikabaki ile nguzo inayozunguka kama ngazi ya mnara. Nikakaa nalo mkononi mpaka maji yakanifika miguuni. Nikaona kumbe ninachokitaka ni kazi ya maji yenyewe, vile yanavyokula na kusukuma na kuacha alama, na udongo unaweza kubeba hiyo vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo hapa nakupitisha kwenye sanamu moja tu, hilo kombe lililoliwa, la urefu wa sentimita 30 hivi, bila gurudumu na bila tanuri la umeme. Ukiliweza hilo mengine utayapata.

Kwanza kabisa, maji yakupwe

Usiguse udongo wiki ya kwanza. Angalia mwezi, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu ndo kuna bamvua, na kwa huku kwetu siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa kuelekea saa nne saa tano asubuhi, unaweza kutembea mpaka kwenye mwamba mahali ambapo jioni yake maji yatakuwa yanakupita kichwa. Kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo ukienda siku nne mfululizo utaona ufukwe uleule kwenye mwanga tofauti. Vaa viatu. Beba daftari, penseli, simu, na bonge la udongo saizi ya embe ndani ya kitambaa kibichi.

Sasa inama. Nasema inama kwa sababu watu wanatembea wakiangalia mbali, na vitu vyenyewe viko chini. Kuna vikaa vidogo sana vinavyokula kwenye mchanga mbichi, kila kikaa kinachukua mchanga kinauchuja mdomoni kinautema umeviringwa kama punje ya uwele, na zile punje kinazipanga kwa mistari inayotoka kwenye tundu lake kama miale ya jua. Nimewahi kuchora uwanja mmoja wa namna hiyo kwa saa nzima, ukubwa wa sahani tu, nikahesabu mistari 14, na kati ya mstari na mstari kimeacha njia moja safi ya kukimbilia tunduni akipita ndege. Hiyo njia safi ndo iliyoniingia, nimeitumia kwenye sanamu sita mpaka leo, ni nafasi tupu katikati ya alama nyingi na jicho linapumzika hapo.

Chora, usipige picha tu. Picha unaipata sekunde moja na unasahau, ukichora mkono unajifunza mpindo. Afu chukua lile bonge la udongo uligandamize kwenye mwamba wenye matundu, kwenye mikunjo ya mchanga, kwenye ubao wa ngalawa ya zamani, ulitoe taratibu, hiyo ni chapa yako ya kwenda nayo nyumbani. Makombe yenye kiumbe ndani yaache yalivyo, na kwenye hifadhi za bahari kama Mafia usiokote chochote hata kilichokufa. Na hilo bonge ukifika nalo nyumbani likaushe uweke kando uliangalie, usilirudishe kwenye ndoo ya udongo. Sababu naieleza sasa hivi na nakuomba usiruke.

Bahari isiingie kwenye ndoo

Hapa ndo wafinyanzi wa pwani tunaumia zaidi. Unataka sanamu ya bahari, inakuja tamaa ya kuchanganya mchanga wa ufukweni, vipande vya makombe, tope la mikokoni, unaona ndo itakuwa bahari kwelikweli. Nilifanya hivyo. Nilitengeneza vipande vitano vya onyesho, nikaweka mchanga wa ufukweni badala ya vigae vilivyopondwa, vikachomeka vizuri, vikatoka vizima, nikavipanga mezani nina furaha. Siku ya nne nikaanza kuona kama ndui, kidoa cheupe kinatokea afu kigamba saizi ya shilingi kinaruka chenyewe. Wiki ya pili vyote vitano vilikuwa vimechubuka na kimoja kimegawanyika.

Mtu wa pwani akielezwa anaelewa haraka kwa sababu chokaa tunaijua. Matumbawe yanapangwa juu ya magogo yanachomwa, yakitoka yanamwagiwa maji yanachemka na kuvimba mpaka yanakuwa unga. Sasa mchanga wetu mweupe kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ukiuweka ndani ya sanamu na moto ukafika nyuzi 800 na kitu, kila punje inageuka chokaa, na ikishatoka motoni inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani unyevu ndo kwao, punje inavimba ndani ya ukuta wa udongo na kitu hakina pa kwenda isipokuwa kupasua. Tope la mikokoni nalo lina chumvi, ikikauka inatokeza juu kama unga mweupe na rangi haikamati.

Udongo tafuta bara kidogo, kwenye mabonde ya mito au kichuguu kikubwa. Mimi natoa bondeni upande wa mto Ruvu, mbali na maji chumvi. Vipimo vitatu vya kufanya kwanza: viringisha kamba nene kama kidole kidogo uizungushe kwenye kidole gumba, ikipasuka sana udongo una mchanga mwingi. Chukua kipande kikavu dondoshea siki, kikitoa povu kina chokaa, achana nacho. Afu tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10 kamili, kikaushe ukichome, pima tena ule mstari, ukikuta 9 ujue udongo wako unasinyaa asilimia 10 na sanamu ya sentimita 33 itatoka 30.

Loweka ndoo mbili za udongo siku nne, koroga, chuja kwa kipande cha chandarua, acha utulie, mwaga maji ya juu, rudia maji safi mara mbili. Tandaza juu ya gunia mpaka ushikike. Sasa weka vigae, yaani vyungu vilivyovunjika au matofali ya kuchoma uliyoponda kwenye kinu cha zamani na kupitisha kwenye chujio la chai. Kwa sanamu ya kuchomwa shimoni mimi naweka kikombe kimoja cha unga wa vigae kwa vikombe vinne vya udongo. Ile chengachenga inafungua njia ya mvuke kutoka na inazuia udongo kusinyaa ghafla. Kanda kama chapati za sherehe, mpaka ukikata kwa uzi unaona ndani ni sawasawa, afu funika angalau wiki.

Kujenga

Kata msingi wa duara, upana sentimita 16, unene sentimita moja na robo. Weka juu ya ubao wenye gazeti, gazeti linasaidia msingi kuteleza ukiwa unasinyaa, bila hivyo unashika ubao na kupasuka chini.

Anza na nguzo ya ndani. Usiijenge nzito, ijenge kama bomba, kamba za udongo nene kama kidole gumba zikizunguka juu ya nyingine, kila kamba unaichana kwa uma kwanza, unapaka uji wa udongo, afu unaikandamiza na kuivuta chini ndani na nje mpaka mstari upotee. Ikifika sentimita 10 simama. Acha upepo uikaze kidogo, saa mbili tatu, ukiendelea haraka yote inakaa chini kama mlevi. Afu ongeza nyingine 10, simama tena, hivyohivyo mpaka ufike urefu unaoutaka, huku unapunguza upana kuelekea juu na unaipindisha kidogo maana kombe halikui wima, linazunguka na kulala upande mmoja.

Nguzo ikishakaza kama sabuni ya mche ndo unapanda ile ngazi. Kata bapa za udongo zenye upana wa vidole vinne, uzibandike kipandekipande kuzunguka nguzo, zikishuka. Chini ya kila kipande weka kigogo cha udongo au gazeti lililokunjwa kukishikilia mpaka kikaze. Hapa chukua muda wako, mimi ngazi tu inanila siku tatu. Angalia kombe lako la kweli, utaona kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliotangulia kwa kipimo kilekile, kiumbe kilikuwa kinakua na kujiongezea nyumba bila kubadilisha ramani. Ukikosea huo uwiano jicho la mtu yeyote wa pwani litaona hata kama hatajua kasoro iko wapi.

Mwisho unajenga ukuta wa nje kwa kamba, unene usizidi sentimita moja na nusu popote. Kila mahali palipojifunga toboa tundu la siri kwa sindano nene au spoku ya baiskeli. Watu husema hewa iliyobaki ndani ndo inalipua chombo, hapana, kinacholipua ni maji, yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na ukuta mnene unayaficha muda mrefu. Hewa kavu haimsumbui mtu.

Ukuta ukikaza unafanya kazi ya mawimbi sasa. Usikate dirisha kwa kisu ukaacha kona kali, bahari haikati hivyo. Kwangua kwa kijiko kikuukuu kutoka nje kwenda ndani, ukuta upungue taratibu mpaka utoboke wenyewe, afu zungusha sponji mbichi kwenye ukingo. Upande mmoja tu uliwe sana, ule unaoelekea upepo. Mimi kabla ya kukwangua naamua kabisa upepo wa kusi unapigia wapi kwenye sanamu hii, naweka alama kwenye ubao, na kila tundu linafuata huo upepo.

Alama juu ya ngozi

Nilijifunza hii Pemba kwa bibi mmoja mfinyanzi, mwanamke wa makamo ya bibi yangu, nilimsalimia shikamoo akaitikia bila kuinua macho kwenye kazi. Alikuwa na kombe dogo lenye mbavu, ukingo wake una meno, analisukuma kwenye shingo ya chungu, anainua, anageuza kidogo, anasukuma tena, mstari unatoka kama pindo la kanga. Nikamuuliza bibi, unapimaje ili mwisho ukutane na mwanzo? Akanionyesha kidole gumba chake, kucha yake ndo rula. Kupiga chapa kwa ukingo wa kombe ni jambo la zamani sana pwani hii, na kabla ya hapo vyungu vya karne ya 7 mpaka ya 10 vinavyochimbuliwa kuanzia Lamu kwenda kusini mpaka Kilwa vimechanjwa pembetatu shingoni. Ukipata nafasi nenda makumbusho ya Fort Jesus Mombasa ukavione, na kwenye magofu ya Kaole karibu na kwangu simama mbele ya makaburi ya nguzo uangalie matundu ya mviringo ambamo bakuli za China zilikuwa zimepachikwa kwenye chokaa. Wazee wetu wamekaa na udongo na bahari pamoja muda mrefu, hatuanzi sisi.

Kwenye sanamu yako usijaze alama kila mahali. Nje weka ukali, chapa za mwamba, mistari ya vikaa, ndani kwenye ngazi pawe laini kabisa. Kulainisha: chukua udongo uleule, uyeyushe kwenye chupa ya maji, acha siku moja, yale maji ya juu yenye rangi ndo yana chembe ndogo kuliko zote, yamwage kwenye bakuli yapungue mpaka yawe kama maziwa mazito. Ukitaka wekundu changanya ngeu, yaani udongo mwekundu wa rangi. Paka mara tatu kwa brashi laini, afu sugua kwa jiwe dogo laini la mtoni au mgongo wa kijiko mpaka ing'ae. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanyia kazi Uingereza, vyombo vyake maarufu anavijenga kwa mkono bila gurudumu na anavisugua namna hii, mng'ao ule sio rangi ya dukani. Ukiuchoma kupita nyuzi 1,000 mng'ao unapotea, na shimo letu halifiki huko, kwa hiyo uko salama.

Kukausha

Hapa ndo wengi wanapoteza kazi ya mwezi mzima. Kusi ikivuma inakausha upande mmoja, upande huo unasinyaa wa kwanza na unavuta mwingine unapasuka. Weka ndani mbali na dirisha, funika kwa kanga mbichi iliyokamuliwa na juu yake turubai, wiki ya kwanza fungua dakika 10 tu kwa siku, ya pili nusu saa, ya tatu acha wazi. Sehemu nyembamba kama kingo za matundu zifungie kitambaa kibichi zisitangulie. Jua kama imekauka kwa kuiweka shavuni, ikiwa ya baridi bado ina maji. Msimu wa masika ongeza wiki mbili zaidi, hakuna njia ya mkato.

Shimo

Chimba shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa mita moja, mbali na makuti ya nyumba na mbali na watoto. Chagua siku haina upepo, kipindi cha kaskazi alfajiri huwa kumetulia. Tayarisha vumbi la mbao gunia moja, makumbi, vifuu, kuni kavu za mwembe au mnazi uliokufa. Mkoko usikate, unawaka vizuri sana ila ndo unaoshikilia ufukwe wetu na sheria inakataza kuukata bila kibali.

Kwanza pasha sanamu. Iweke pembeni ya makaa kama mita moja, unasogeza makaa kidogokidogo kwa saa tatu, mpaka ukidondosha tone la maji juu yake linatoa sauti. Hatua hii imeniokolea vipande vingi kuliko ujuzi mwingine wowote.

Weka vumbi la mbao chini unene wa kiganja, laza sanamu, na hapa sasa bahari unairuhusu kuingia, kutoka nje. Funga mwani mkavu kiunoni mwa sanamu, wa Paje au Jambiani kule Unguja ukiupata ni mzuri, wa kuokota ufukweni pia unafaa, ile chumvi yake motoni inaacha michirizi ya chungwa na waridi pale ulipogusa. Nyunyiza chumvi ya jikoni ngumi moja tu. Jaza vumbi la mbao mpaka nusu ya sanamu, afu makumbi na vifuu, juu kuni. Washa kutoka juu. Simama upande upepo unakotokea, moshi wa chumvi ni sumu kwa mapafu, usiinamie shimo hata kama una hamu ya kuona.

Moto mkubwa ukishapita, kama saa moja na nusu, funika kwa mabati chakavu na mchanga pembeni, acha upenyo mdogo. Ulipo upenyo, hewa inaingia, rangi inakuwa nyekundu. Palipozibwa moto unakosa hewa na moshi unaingia kwenye udongo, panakuwa peusi. Kwa hiyo unachora kwa upenyo, amua mapema upande ulioliwa na mawimbi uwe mweusi au mwekundu, mimi napenda ngazi ya ndani ibaki nyeusi na nje iwe nyekundu.

Afu nenda kalale. Usifungue usiku. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ngumu zilizomo kwenye udongo zinabadilika ukubwa ghafla, kupanda na kushuka, ukifungua kabla hapo upepo ukaingia utasikia mlio mmoja mkavu na kazi imeisha. Kesho yake mchana, ukiweka mkono kwenye majivu na unaweza kuhesabu mpaka 20, toa.

Baada ya hapo

Futa majivu kwa brashi kavu, osha kwa maji baridi ya bomba, kausha siku mbili juani. Pasha kidogo afu paka nta ya nyuki kwa kitambaa, rangi zitafunguka mbele ya macho yako. Mwambie mnunuzi wazi kwamba haishiki maji na haikai nje, hewa ya chumvi inaingia kwenye vitundu vyake ikikauka inaisukuma ngozi, na miaka michache itaanza kumeguka. Mtu akitaka ya bustanini au hotelini mbele ya bahari, tumia udongo wa kustahimili moto wa nyuzi 1,200 na kwenda juu, na ukodi nafasi kwenye tanuri la gesi au umeme, bei ipande kufuata hilo.

Piga picha asubuhi mwanga ukitoka ubavuni, hapo matundu yanaonekana. Kwenye kusafirisha, makumbi ni bora kuliko karatasi, jaza na ndani ya ngazi pia.

Na kabla hujafukia shimo, andika kwenye lile daftari la ufukweni: siku, upepo ulitoka wapi, mwani kiasi gani na ulifunga wapi, upenyo ulikuwa upande gani, doa lipi limetoka vile ulivyotaka na lipi limekushangaza. Chora sanamu pembeni uweke mishale. Bamvua inayofuata ukishuka tena mwambani beba daftari hilohilo.